Faini, Leseni na Ustaarabu wa Wenzetu

Rafiki yangu mmoja, mtumishi wa halmashauri katika Kanda ya Ziwa, ameniletea hoja ambayo nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na ambayo sijawahi kuiamini. Madereva wa mji wake wanadaiwa ushuru wa maegesho pamoja na faini, hawalipi, na kila kikao cha madiwani kinapofika, hainuki mtu akaketi kabla ya kusema kwamba tatizo letu ni ustaarabu. "Wenzetu huko uliko," ameniandikia, "mtu akikuta karatasi kwenye kioo cha gari analipa siku hiyo hiyo, hakuna kubembelezana. Sisi mpaka tufungwe minyororo." Akanitaka, kama mtu niliyehamia Uingereza, nimweleze siri yao ni nini, apate la kuwasomea waheshimiwa.

Siri ya kumpa sina. Ninayo habari ya leseni yangu ya udereva, na ninayo habari ya dada mmoja Mtanzania ambaye karatasi moja ya maegesho nusura imrudishe nyumbani. Habari hizi mbili zimeshikana kuliko zinavyoonekana, na nadhani madiwani wake watafaidika nazo zaidi ya mahubiri juu ya ustaarabu.

Nianze na leseni. Anayehamia Uingereza akiwa na leseni ya Tanzania anaruhusiwa kuitumia kwa miezi 12 tangu awe mkazi. Katika miezi hiyo ataendesha gari dogo peke yake popote apendapo, hata katika zile barabara kuu ambazo magari hukimbia kama yamefukuzwa. Miezi 12 ikiisha, usiku wa kuamkia siku inayofuata, sheria inamgeuza lena. Anatakiwa aombe leseni ya kujifunzia, abandike mbele na nyuma ya gari kibao cheupe chenye herufi L nyekundu, na asiguse usukani bila kuketi kando yake mtu mwenye umri usiopungua miaka 21 aliyekaa na leseni kamili kwa miaka 3. Ujuzi wake haujapungua hata chembe kati ya jana na leo. Kilichobadilika ni kalenda.

Mimi leseni yangu niliipata mwaka 2004. Nimepanda Kitonga usiku nyuma ya malori ya Zambia, nimeendesha hadi Songea enzi ambazo masika yalikuwa yanaamua utafika lini. Kwa miezi kadhaa mwangalizi wangu halali barabarani alikuwa kijana wa shahada ya uzamili ambaye tasnifu yake nilikuwa naisimamia. Ofisini nilikuwa namwambia sura ya pili haina hoja. Ndani ya gari alikuwa na haki ya kuniambia nipunguze mwendo. Alikuwa kijana mwenye adabu, akatumia haki hiyo mara moja tu.

Sasa, si kila mgeni anageuzwa lena. Sheria ya Barabara ya Uingereza ya mwaka 1988 inampa waziri mamlaka ya kuziteua nchi ambazo leseni zake zinaweza kubadilishwa moja kwa moja, bila mtihani, akiridhika kwamba utaratibu wao wa kuwapima madereva unafaa. Katika orodha hiyo wamo Australia, Kanada, Japani, New Zealand, Singapore, Korea Kusini na wengine. Katika miaka ya karibuni zimeongezwa Ukraine na Umoja wa Falme za Kiarabu. Kutoka bara zima la Afrika zimo nchi mbili tu: Afrika Kusini na Zimbabwe. Mjapani anajaza fomu, analipa ada, anaikabidhi leseni yake ya kwao na kupewa ya Uingereza. Mtanzania, ambaye anaendesha upande ule ule wa kushoto aliofundishwa na Mwingereza mwenyewe, ambaye hata mzunguko wa barabara anauita kipilefti kwa sababu ndivyo kilivyosema kibao cha Mwingereza pale katikati, anaanza moja.

Wenzangu wengi huku huona hapo dharau ya kikoloni na kufunga mjadala. Siwezi kuufunga haraka hivyo. Uingereza yenyewe haikuwa na mtihani wa lazima wa udereva mpaka tarehe 1 Juni 1935, na mtihani wa maswali ya maandishi kama sehemu ya peke yake ulianza mwaka 1996 tu; kwa hiyo wanaojivunia mila ya karne nyingi watafute kitu kingine. Lakini nikijiuliza kama mimi, laiti ningekuwa waziri huyo, ningeridhika na kila leseni iliyotoka kwetu, ningesita. Sote tunamjua mtu aliyepata leseni bila kupanda gari la mtihani. Tunajua pia bei yake ilivyopanda na kushuka kwa majira. Leseni ile iliyotolewa chini ya meza haimwumizi mwenda kwa miguu wa pale kituoni peke yake: imeshusha thamani ya leseni ya kila dereva wa Tanzania aliyeipata kwa jasho, na siku anapovuka mpaka ndipo anapodaiwa tofauti. Watumishi wa umma wanaosoma hapa waichukue kama hesabu ya kawaida ya hasara kwa nchi.

Tofauti niliyodaiwa mimi ilikuwa hivi: pauni 34 za leseni ya kujifunzia, pauni 23 za mtihani wa nadharia, pauni 62 za mtihani wa barabarani, na juu yake fedha za mkufunzi na gari lake, ambazo ndizo zinazouma. Nadharia ni maswali 50, upate 43, kisha filamu fupi za barabarani ambazo unabonyeza kila unapoona hatari inachipuka. Mtihani wa barabarani ni kama dakika 40. Nilifaulu. Lililonichosha ni foleni ya kuupata: tangu ule mlipuko wa korona nafasi zimekuwa adimu kiasi kwamba mtu husubiri miezi, na wamezuka walanguzi wanaozinyakua kwa kompyuta na kuziuza kwa bei ya juu. Ndiyo, walanguzi. Nilipolisikia neno hilo likitajwa katika habari za Uingereza nilikumbuka foleni za sukari mwaka 1983, ingawa nilikuwa mdogo sana.

Kwa mhadhiri wa chuo kikuu, haya yote ni usumbufu. Nina basi, nina baiskeli, na mshahara wangu hauniulizi nimefikaje darasani. Kwa dada nitakayemweleza sasa, ni jambo jingine kabisa.

Alikuja Uingereza kwa viza ya wafanyakazi wa afya na malezi, ile ambayo mwezi Februari 2022 ilifunguliwa kwa wanaowahudumia wazee na wagonjwa majumbani. Nyumbani alikuwa muuguzi. Hapa kazi yake ni kuzunguka nyumba kwa nyumba: kumwamsha mzee, kumwogesha, kumpa dawa na chai, kuandika kwenye simu kwamba amefika na ameondoka, kisha kukimbilia nyumba nyingine maili 6 kutoka hapo. Nafasi za namna hii hutangazwa na sharti la leseni na gari. Akanunua gari kuukuu kwa pauni 1,100, zilizokusanywa nusu na yeye na nusu na kikundi cha akina mama wa Kitanzania cha kufa na kuzikana, ambacho siku hiyo kiliamua kwamba kuzikana kutasubiri.

Asubuhi moja ya mvua, kabla ya saa moja, alimkuta mzee wake ameanguka bafuni. Mtaa ule ni wa wenye vibali vya maegesho. Aliliacha gari mbele ya mlango, akaita gari la wagonjwa, akapanda nalo mpaka hospitali kwa sababu mzee alikuwa hataki kuuachia mkono wake. Alirudi adhuhuri. Kama kulikuwa na karatasi kwenye kioo, mvua na upepo viliichukua, hakuikuta. Wiki ya pili mzee yule alifariki.

Muda mfupi baadaye mwajiri aliwahamisha wafanyakazi wake kutoka nyumba aliyokuwa amewapangia kwenda nyumba nyingine. Kadi ya gari ilibaki na anwani ya zamani. Barua zikaenda huko, zikajazana nyuma ya mlango wa nyumba isiyo na mtu. Hapa naomba rafiki yangu wa halmashauri afuatilie tarakimu kwa makini, kwa kuwa ndiyo sehemu aliyoniuliza. Faini ya kosa lile ni pauni 70. Ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu, pauni 35. Usipolipa, anaandikiwa mmiliki wa gari barua rasmi, naye ana siku 28 za kulipa au kupinga. Zikipita kimya, faini inapanda kwa nusu yake: 105. Zikipita tena, deni linasajiliwa mahakamani kwa ada ndogo, katika kituo kimoja mjini Northampton kinachopokea madeni ya namna hii kutoka Uingereza na Wales nzima, na ambacho hakimtazami mdaiwa usoni. Kutoka hapo hati inakwenda kwa madalali wa mahakama. Dalali akiandika barua, kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2014, ni pauni 75. Akifika mlangoni ni 235 nyingine. Jumla: zaidi ya pauni 420. Kutoka 35.

Sheria inawaruhusu madalali kuanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa waliyofika. Alinipigia simu.

"Mwalimu, wamelifunga gari tairi. Wananiambia nina deni la mahakama. Mimi sijawahi kufika mahakamani hata kutoa ushahidi."

Nilimwambia, "Dada, pole. Usiwabishie, na usitie saini. Nisomee namba zilizoko kwenye hiyo karatasi, polepole."

Alisoma huku akilia, na huku akiangalia saa, maana mteja wake wa kwanza alikuwa wa saa moja kasorobo. Kabla ya saa mbili gari lilikuwa limevutwa hadi yadi. Siku hiyo hiyo msimamizi wake wa zamu alimwondoa kwenye ratiba: bila gari, wateja wake wamepewa wengine. Anayefanya kazi ya namna ile hulipwa kwa ziara. Na hapo ndipo jambo la maegesho lilipoacha kuwa la maegesho. Viza yake inashikiliwa na mwajiri. Mwajiri akimwachisha kazi, wizara humpunguzia muda wa ukaazi, kwa kawaida hadi siku 60, atafute mwajiri mwingine mwenye kibali au aondoke. Binti zake wawili wako nyumbani kwa bibi yao, ada ya shule inatoka kwenye ziara zile. Juu ya yote, ile miezi 12 ya leseni ya Tanzania ilikuwa inakaribia ukingoni, na hana uwezo wa kujifunza wala kufanyia mtihani gari lililoko yadi.

Kuna kipengele katika kanuni za madalali kinachosema vifaa ambavyo mtu anavihitaji kwa kazi yake, gari likiwemo, visichukuliwe ikiwa thamani yake yote haizidi pauni 1,350. Kuna pia fomu mbili za kuiambia mahakama kwamba hukupata kamwe ile barua ya kwanza na kwamba umechelewa kupinga kwa sababu zinazoeleweka. Tulizijaza jikoni kwake usiku mmoja, yeye akieleza kwa Kiswahili, mimi nikiandika. Gari lilirudishwa baada ya siku 9. Amri ya mahakama ilifutwa baada ya wiki kadhaa, suala likarudi hatua ya mwanzo, ndipo akapata nafasi ya kueleza habari ya mzee. Binti wa marehemu aliandika barua ya ukurasa mmoja kuthibitisha. Halmashauri ile, nayo naiachia jina lake, iliisamehe faini. Ilichukua miezi minne. Zamu zilizopotea hazikufidiwa na mtu.

Nitakuwa mwongo nikisema mlango wa haki ulikuwa umefungwa. Ulikuwa wazi wakati wote. Lakini ufunguo wake ni Kiingereza cha fomu, ambacho si Kiingereza cha kumwogesha mzee, na ni kujua kwamba fomu zenyewe zipo. Dada huyu anaweza kusoma chati ya mgonjwa mahututi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yako maandishi ya kumzuia dalali. Katika nyumba ile wanaishi walezi wengine watatu, Mnigeria mmoja na Wazimbabwe wawili. Wote walikuwa na karatasi za maegesho katika droo, na wote walikuwa wamelipa zaidi ya walichodaiwa mwanzo kwa kuogopa kwamba neno "mahakama" litafika kwenye faili la viza. Wazimbabwe walau leseni zao zilibadilishwa.

Nilipokuwa natafuta maandishi ya kumsaidia nilikutana na kisa kinachofahamika sana London. Mita za kwanza za maegesho nchini Uingereza ziliwekwa mwezi Julai 1958 katika eneo la Mayfair, mbele ya ubalozi wa Marekani wa wakati huo. Askari wa maegesho walianza kazi Septemba 1960. Siku ya kwanza kabisa, tarehe 15, karatasi ya kwanza waliyoandika ilikuwa ya pauni 2, na waliibandika kwenye gari la daktari aitwaye Thomas Creighton. Daktari huyo alikuwa ndani ya hoteli akimshughulikia mtu aliyepatwa na shambulio la moyo. Umma ulipiga kelele, akasamehewa. Waingereza hukisimulia kisa hiki wakicheka, kama mfano wa ukiritimba uliokosa akili siku yake ya kwanza kazini.

Daktari alikuwa na umma. Mlezi wa saa moja asubuhi, mwenye kibandiko cha kampuni kifuani na lafudhi ya Mbeya, alikuwa na mhadhiri mmoja na binti wa marehemu.

Mbele ya ubalozi wa Marekani, nimesema. Hapo hadithi ya ustaarabu inapendeza zaidi. Tangu mwezi Februari 2003 magari yanayoingia katikati ya London siku za kazi hutozwa tozo ya msongamano. Balozi nyingi hulipa. Kadhaa zimekataa, zikidai kwamba hiyo ni kodi na kwamba Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unawakinga wanadiplomasia dhidi ya kodi. Mamlaka ya usafiri ya London huchapisha orodha ya wadaiwa: jumla imepita pauni milioni 140, na anayeongoza ni Marekani, yenye zaidi ya milioni 14. Hakuna dalali anayefika kwao saa kumi na mbili asubuhi. Wamestaarabika mno kufungwa tairi.

Raymond Fisman na Edward Miguel, wanauchumi wawili, walilitazama jambo hili upande wa New York katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Kati ya Novemba 1997 na mwisho wa 2002 wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa walilimbikiza zaidi ya karatasi 150,000 za maegesho zisizolipwa, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18, wakijua kinga yao haigusiki. Watafiti waliwagawa kwa nchi, wakaona kwamba wanaotoka katika nchi zenye rushwa nyingi walikuwa na karatasi nyingi zaidi. Kuwait iliongoza, Sweden na Norway hazikuwa na hata moja. Rafiki yangu atalishika hilo kwa mikono miwili, na ana haki. Mazoea ya nyumbani mtu husafiri nayo. Lakini asome mpaka mwisho. Burkina Faso nayo haikuwa na hata moja. Na mwishoni mwa mwaka 2002, jiji lilipopewa uwezo wa kunyang'anya namba za kidiplomasia za magari ya wadaiwa sugu, karatasi zisizolipwa zilipungua kwa karibu asilimia 98. Hakuna taifa linalobadili ustaarabu wake ndani ya miezi. Liliguswa bamba la namba.

Basi je, jibu ni kukaza? Hapo ndipo ninapomwogopea rafiki yangu, kwa sababu najua madiwani wake wataishika ile asilimia 98 na kuagiza minyororo. Kukaza kuna watu wake. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti juu ya mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, baada ya kuuawa kwa Michael Brown. Ndani yake mna mwanamke mweusi, hakutajwa jina, ambaye mwaka 2007 aliegesha gari vibaya mara moja. Aliandikiwa makosa mawili, dola 151 pamoja na ada. Alikuwa maskini, wakati mwingine hana pa kulala. Alipokosa tarehe za mahakama ziliongezwa faini nyingine na hati za kukamatwa. Mara mbili alijaribu kulipa kidogo kidogo, dola 25 na dola 50. Mahakama ilimrudishia, ikitaka zote kwa pamoja. Alikamatwa mara mbili, akalala rumande siku 6. Kufikia Desemba 2014 alikuwa amelipa dola 550 na bado alikuwa anadaiwa 541. Ripoti ilionyesha kwamba maofisa wa mji ule walikuwa wanaandikiana juu ya makisio ya faini kama mfanyabiashara anavyoandika juu ya mauzo. Yule hakukosa ustaarabu. Alikosa dola 151 kwa siku moja.

Namshauri rafiki yangu, badala ya siri ya Wazungu, achukue kesi moja. Mwaka 2011 halmashauri ya Barnet, kaskazini mwa London, ilipandisha kibali cha maegesho cha mkazi kutoka pauni 40 hadi 100. Wakazi, wakiongozwa na David Attfield, walikwenda Mahakama Kuu. Hoja yao ilikuwa moja: sheria ya mwaka 1984 inaipa halmashauri mamlaka ya kutoza maegesho kwa ajili ya kusimamia magari na barabara, haikuipa mamlaka ya kukusanya mapato ya kuziba mapengo ya bajeti. Julai 2013 mahakama ilikubaliana nao na kusema ongezeko lile lilikuwa kinyume cha sheria. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ulipo ustaarabu wa kuiga, na hauko upande wa mlipaji. Uko kwa mkazi anayeuliza fedha ya maegesho inafanya nini, na kwa mahakama inayomsikiliza.

Kwetu, tangu mwaka 2021, TARURA imekuwa ikiuhamisha ushuru wa maegesho kutoka kwenye kikaratasi kwenda kwenye mfumo wa kielektroniki. Mkusanyaji anaingiza namba za gari kwenye mashine ya mkononi, deni linakaa kwenye namba zile hadi lilipwe kwa namba ya kumbukumbu. Mimi naupenda mfumo huo kuliko enzi za mawakala binafsi na magari yao ya kuvuta, enzi ambazo faini ilikuwa inategemea umevaa nini na unamjua nani. Gari langu nililiacha kwa mdogo wangu, na nikiketi huku Jumapili usiku na kuangalia deni, najua wiki hiyo alikwenda mjini mara ngapi. Amekwisha kulalamika kwamba serikali na kaka yake wameungana kumchunguza.

Lakini deni linalokaa kimya kwenye namba za gari ni ndugu wa zile barua zilizojazana nyuma ya mlango. Mwenye bajaji aliyeuza na kununua bila kubadili kadi, mama aliyeazima gari la kanisa kupeleka mgonjwa, mtu aliyehamia Tabora kikazi: hao watalikuta deni siku wamekwama, likiwa na faini juu yake. Mfumo unaoweza kuandika deni kwa sekunde moja unaweza pia kutuma ujumbe wa simu kwa sekunde moja, kabla ya faini kuanza kuhesabiwa. Unaweza kupokea nusu ya deni leo na nusu mwisho wa mwezi. Unaweza kubandika pale kwenye mbao za matangazo za halmashauri kiasi kilichokusanywa katika mtaa fulani na shimo lililozibwa kwacho. Mwalimu Nyerere aliwahi kuifuta kodi ya kichwa, na halmashauri zilipoirudisha kwa jina la kodi ya maendeleo, watu waliikimbilia vichakani mpaka ilipofutwa tena mwaka 2003. Wanaokumbuka mgambo wa asubuhi vijijini hawatashangaa kwamba mtu akisikia neno "ushuru" miguu yake humtangulia. Nisingeiita hiyo kukosa ustaarabu. Ni kumbukumbu.

Dada yetu amerudishiwa wateja wake, si wote. Miezi 12 yake imekwisha, na sasa ana kibao cha L kwenye gari lile lile la pauni 1,100; mwajiri amemvumilia kwa kumpangia zamu za watu wawili, ambapo mwenzake mwenye leseni kamili huketi kando yake, na kwa hiyo analipwa ziara chache. Uvumilivu huo umewekewa tarehe. Nadharia amefaulu kwa alama 47. Nafasi ya mtihani wa barabarani ameipata katika mji wa jirani, Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi ujao, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Jumamosi hii tutakwenda huko kuzizoea barabara zake. Ameniambia anazo kipilefti tatu zinazofuatana, na kwamba za Mbeya zilikuwa na busara zaidi.